Mnoa Visu Aliyenunua Saa ya Moyo

Saa tatu asubuhi, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Cheche anainua baiskeli yake upande wa nyuma na kuisimamisha juu ya stendi ya chuma. Gurudumu linabaki likining'inia hewani. Anavuta mkanda wa mpira kutoka kwenye rimu mpaka kwenye jiwe la kunolea lililofungwa mbele ya usukani, anakaa kwenye kiti na kuanza kupiga pedali. Baiskeli haiendi popote. Jiwe ndilo linalozunguka.

Kazi ya kwanza ya siku ni panga la mkata majani, lina kutu na mapengo mawili. Panga halitaki haraka. Mnoaji hulikandamiza juu ya jiwe kwa mikono yote miwili, jiwe hukaza, na mguu unalazimika kusukuma polepole kwa nguvu nyingi. Cheche anasukuma. Cheche za moto zinaruka, ndizo zilizompa jina. Jasho linamtoka kidevuni.

Dakika ya nne anageuza kifundo cha mkono na kutazama saa yake. Kioo kinasema 63.

Kwa mtu mwingine hiyo ingekuwa habari njema. Daktari wa kliniki amemwambia moyo wake usipite mapigo mia na ishirini kwa dakika. Ukibaki chini ya hapo, anaweza kuendelea na kazi. Ukiwa unapita kila siku, aiache kazi, la sivyo moyo utamwacha yeye.

Lakini Cheche anakunja uso. Analaza panga chini na kuchukua mkasi wa fundi cherehani. Mkasi ni kazi nyepesi. Mkono unagusa tu, mguu unakwenda mbio. Anatazama tena saa. 92.

Hiyo ilikuwa siku ya kumi na sita tangu ainunue.

"Nikajiuliza, hivi kweli?" anasimulia. "Panga linanitoa jasho, saa inaniambia umetulia. Mkasi ni kama mchezo, saa inaniambia unachoka. Nikaona hapa kuna kitu hakikai sawa."

Cheche ana umri wa miaka hamsini na saba, na thelathini na moja kati ya hiyo ameimaliza juu ya kiti hicho hicho. Asubuhi huendesha baiskeli kama kilomita sita, mtaa kwa mtaa, akigonga kengele. Akipata wateja wawili watatu, huisimamisha na kuigeuza kuwa mashine. Siku nzuri hunoa vyuma ishirini na tano. Watoto wake wawili wamekwisha kuwa na miji yao, mbali. Nyumbani wamebaki yeye na mkewe, ambaye hufagia madarasa ya shule ya jirani na kurudi mchana.

Miezi minne iliyopita, akiwa katikati ya kunoa shoka, aliona giza. Alianguka upande wa kushoto, baiskeli ikamlalia juu, jiwe bado linazunguka. Waliokuwa kwenye foleni hawakushtuka mara moja. Cheche ni mtu wa mizaha, na walidhani huo ni mmoja wao.

"Nilimsikia mwenye shoka akisema, 'Amka bwana, kazi yangu haijaisha,'" anakumbuka. "Nilitaka kumjibu. Mdomo haukufunguka."

Kliniki ilimkuta na shinikizo la damu ambalo amelibeba kwa miaka bila kulijua. Msuli wa moyo umelegea. Alipewa aina mbili za vidonge na ile namba, mia na ishirini, pamoja na tarehe ya kurudi kupimwa upya baada ya miezi sita. Kuna watu wa umri wake, daktari alimweleza, ambao moyo hupata nguvu tena wakiutunza. Kuna wengine haupati.

Daktari alimfundisha pia kubonyeza vidole viwili shingoni, kuhesabu mapigo kwa robo dakika na kuzidisha kwa nne. Cheche alilipokea somo hilo kwa heshima, kisha akauliza swali ambalo daktari hakuwa amelifikiria. Mnoa visu akiwa kazini mikono yote miwili iko kwenye chuma. Mkono wa kushika shingo atautoa wapi?

"Basi tafuta saa," daktari alisema.

Duka la saa liko kwenye ngazi za jengo la zamani, upana wake haufiki hatua tatu. Muuzaji ni binti mwenye miwani na sauti ya chini, asiyependa kumharakisha mtu. Cheche alikwenda na mkewe. Aliposema shida yake, binti alitandika kitambaa cheusi juu ya kioo na kupanga saa tatu.

Ya kwanza ilikuwa rahisi kupita kiasi. Cheche, ambaye hajawahi kupokea kisu bila kukijaribu kwa kucha, aliomba kuijaribu. Hakuivaa. Aliifunga kwenye mguu wa kigoda alichokalia mkewe. Baada ya muda kioo kikaandika 72.

"Kigoda hiki kizima kuliko mimi," alimwambia binti.

Binti alicheka na kuirudisha sandukuni bila ubishi. Hiyo, alikiri, ni ya kuvaa arusini.

Ya pili ilikuwa ya waendesha baiskeli hasa. Ilipima umbali kwa setilaiti, mwinuko wa kilima, mwendo kasi. Binti aliuliza mzee huendesha kilomita ngapi kwa siku. Cheche alimjibu kwamba huendesha sana, tangu asubuhi hadi jioni, ila mara nyingi akishuka hujikuta pale pale alipopandia. Ilibidi mkewe aeleze. Bei yake ilikuwa mapato ya mwezi mzima, na chaji yake haikai zaidi ya siku moja na nusu. Nayo ikarudi sandukuni.

Ya tatu ilikuwa ya kawaida. Mkanda laini, haiingii maji, chaji ya wiki nzima, taa ndogo za kijani chini yake zinazosoma damu kupitia ngozi. Cheche aliifunga kwenye kigoda, haikuandika kitu. Akaivaa, ikaandika 78. Mkewe akabonyeza vidole shingoni mwake, wakahesabu kwa pamoja, ikatoka 80.

Hapo ndipo binti alipotaja kitu cha nne, ambacho hakikuwa hata saa. Ni mkanda wa kufunga kifuani, chini ya matiti, unaosikia moyo wenyewe na kuipelekea saa namba bila waya. Kwa mtu wa kupiga pedali, alisema, huo ndio wa kuaminika. Huuzwa peke yake.

Cheche aliutazama, akatikisa kichwa. Hufanya kazi vifungo vya shati vikiwa wazi kwa sababu ya joto, na kila mteja angeuona. "Mtu akikuona umefungwa mkanda kifuani," anasema, "hakupi shoka lake. Anakuonea huruma, anakwenda kwa mwingine."

Mkewe naye alikuwa na sababu yake. Alitaka kitu ambacho mumewe atakivaa wakati wote, akila, akilala, akiongea na jirani, ili yeye aweze kuitazama namba bila kuuliza. Kuuliza kulikuwa kumeanza kuwachosha wote wawili.

Wakanunua ya tatu, bila mkanda. Iliwagharimu mapato ya siku kumi na mbili.

Kwa wiki mbili nyumba yao ilipumua. Jioni mkewe alikuwa akimshika mkono mezani kama mtu anayeshika mkono tu, na kuugeuza kidogo. 74. 71. Kisha alimwuliza kazini leo ilifika ngapi, na Cheche alimjibu kwa raha. Panga, sitini na nne. Jembe, sitini na sita. Kisu cha bucha, sabini na moja.

Kwa sababu ya namba hizo alifanya jambo ambalo leo halisemi haraka. Aliongeza kazi. Mapanga aliyokuwa ameanza kuyakataa aliyarudia. Alichukua majembe kumi na manne ya shamba la shule, akayamaliza kwa siku moja. Mchana wa siku hiyo kifua kilimbana, pumzi ikawa fupi. Alitazama saa, ikamwambia 65.

"Nikaiamini saa," anasema. "Kifua changu mwenyewe kinaniambia simama, mimi nakiambia wewe ni mwoga tu, ona hapa, sitini na tano."

Asubuhi ile ya siku ya kumi na sita, akiwa na panga la mkata majani miguuni na mkasi mkononi, alifanya kile ambacho watu wa kazi yake hufanya jiwe likitoa sauti wasiyoielewa. Aliondoa kila kitu na kuanza upya. Alipiga pedali bila chuma chochote, mikono imekaa kwenye usukani, polepole. Huku anapiga, alihesabu mguu wake wa kulia kila ukishuka, akifuata sekunde za saa ile ile. Hesabu ya dakika moja ilikuja hamsini na sita. Saa iliandika 56.

Akaongeza mwendo. Mguu ulishuka mara themanini na nane. Alingoja. Namba zilipanda kidogo kidogo kama mtu anayepanda ngazi, zikasimama kwenye 88.

Anasema hakushtuka. Alilichukua lile panga, akalinoa kwa dakika tano kamili kama kawaida, kisha akaliachia na kupeleka vidole shingoni kabla hajashuka kwenye kiti. Robo dakika, mapigo thelathini na sita. Mara nne.

Mia na arobaini na nne.

Saa haikuwa imehesabu moyo wake hata siku moja akiwa kazini. Ilikuwa inahesabu miguu. Mnoa visu hukaa mahali pamoja, mwili wake ukiyumba kwa kila msukumo wa pedali, na mkono uliokandamiza chuma huyumba nao, vile vile, maelfu ya mara. Zile taa za kijani zilikuwa zinasoma mtikisiko huo. Panga, linalopunguza mguu, lilionekana pumziko. Mkasi ulionekana kazi. Kila alichoogopa kilikuwa kimeandikwa kinyume.

Mtu mwingine pengine asingegundua. Cheche aligundua kwa sababu anajua mwendo wa mguu wa kila chuma kama mpishi anavyojua moto wa kila chungu.

Mwenye panga alikuja kulichukua, akalipima kwa kidole gumba, akasema leo limekaa vizuri kweli.

Siku tatu hakumwambia mkewe. Mezani mkewe aliushika mkono wake kama kawaida, akaona 73, akaachia. Namba hiyo ilikuwa ya kweli. Mtu akikaa tuli, saa ile haikosei. Ndiyo maana ilikuwa vigumu kuanza.

Siku ya nne mkewe alimuuliza kwa nini amerudi na mapanga mawili ambayo hayajanolewa. Akamweleza yote, taratibu, akimwonyesha hata kwa kupiga mguu sakafuni. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho huku anakunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kwa hiyo wiki mbili zote hizi," alisema, "mimi nilikuwa naangalia miguu yako."

"Ndiyo, mama watoto."

"Na yale majembe kumi na manne?"

Mkewe aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo, kwa maelezo ya mumewe, vilikuwa vimekwisha oshwa.

Daktari, walipokwenda, hakumlaumu mtu. Alipima, akaandika, akasema hali si mbaya kuliko mwanzo lakini si nzuri pia, na kwamba siku kama ile ya majembe isitokee tena. Muuza saa ndiye aliyeonekana kuumia zaidi. Alivua miwani na kuifuta muda mrefu.

"Mzee, nilikutajia mkanda," alisema.

"Ulinitajia, binti yangu. Mimi ndiye sikuutaka."

Saa iliyokwisha valiwa hairudishwi dukani, lakini haikuhitaji kurudishwa. Ingepokea namba za mkanda bila shida. Binti alimpunguzia bei, akamwonyesha kuulowesha kwa maji kidogo kabla ya kuufunga ili ushike moyo vizuri. Hata hivyo ulimgharimu siku saba nyingine za kazi. Sasa Cheche hufunga vifungo vyote vya shati, joto liwe joto. Ni kifungo cha juu kabisa tu anachokiacha wazi, na wateja wa siku nyingi wamemtania kwamba amepata kazi ya ofisini.

Mkanda haukumfurahisha. Siku ya kwanza alikaa nao kama mtu aliyekaa na hakimu, akapitisha chuma kimoja kimoja. Mkasi, mia na saba. Kisu cha jikoni, mia na kumi na tatu. Kisu cha bucha kiligusa mia na ishirini na sita. Jembe na panga vilipita mia na arobaini kabla dakika ya tatu haijaisha, na shoka hakulijaribu.

Alijaribu ujanja. Alinoa panga kwa mafungu, dakika moja kazi, dakika tatu kukaa, hadi namba ishuke. Panga moja likawa linakula karibu nusu saa. Mteja wa kwanza alivumilia. Wa pili alimuuliza kama analala. Wa tatu alichukua panga lake lenye makali upande mmoja na kuondoka nalo.

Kati ya kila mafungu kumi ya mapato yake, saba yalikuwa yanatoka kwenye vyuma hivyo vizito. Na kati ya hayo saba, mawili yalitoka mlango mmoja, bucha la mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa ambaye kila Jumatatu, kwa miaka kumi na tisa, amempa visu kumi na kimoja na kikombe cha chai.

Jumatatu iliyopita Cheche alifika pale akiwa anasukuma baiskeli, hakuisimamisha. Mwenye bucha alikwisha kuvitandaza visu juu ya gazeti. Alimuuliza leo mbona anakuja kama mkwe anayedaiwa.

Cheche alisema amekuja kuaga visu.

Mwanamke yule alidhani ni mzaha, akamjibu kwa mzaha wake, kwamba akitaka kuongeza bei aseme tu, asijifanye bibi harusi. Cheche alifungua vifungo viwili vya shati, akamwonyesha mkanda. Ilikuwa mara ya kwanza kumwonyesha mtu asiye wa nyumbani.

Mwenye bucha alikitazama kifua kile, akaacha kucheka.

"Tangu lini?"

"Tangu lile shoka."

"Na Jumatatu zote hizi ulikuwa unaninolea?"

"Nilidhani niko salama, dada."

Mwenye bucha akaanza kuvifunga visu ndani ya gazeti, kimoja kimoja, bila haraka. Alisema kuna kijana ana mashine ya umeme huko sokoni. Mashine ile hula chuma. Kisu cha miaka mitano hukimaliza kwa mwaka. Lakini atafanyaje. Kisha akamwekea chai, na Cheche akakaa akainywa, ingawa hakuwa amefanya kazi yoyote. Anasema hicho ndicho kikombe kilichomshinda kumaliza.

Imebaki miezi miwili kabla ya kipimo cha daktari. Msuli ukiwa umeimarika, namba itapandishwa na huenda visu vya bucha vikarudi, si mapanga. Usipoimarika, Cheche atashuka kwenye kiti kabisa. Hajui atafanya nini akishuka. Akiulizwa, hutazama jiwe, halafu husema hilo tuliache kwanza.

Mpango wake kwa sasa ni mikasi. Amepiga hesabu kwamba mikasi arobaini kwa siku itamweka karibu na alipokuwa. Kwa sasa anapata tisa, siku nyingine kumi. Mafundi cherehani wengi wako barabara ya juu, na ile barabara ina mwinuko ambao hata kwa kusukuma baiskeli tu humfikisha mia na thelathini.

Kwa hiyo mkewe ameanza kupanda yeye. Akitoka kufagia, hachukui tena njia ya nyumbani. Huingia kwa fundi mmoja mmoja akiwa na kikapu na kipande cha chaki, huandika jina la mwenyewe kwenye kila mkasi, hushuka nayo kwa mumewe, na jioni huirudisha ikiwa na makali. Si mtu wa kuingia milango ya watu. Siku ya kwanza, anasema, alisimama nje ya kibanda kimoja mpaka mwenyewe akamuuliza kama anataka kushona.

"Nikasema hapana, mimi ni mke wa mnoa visu," anaeleza. "Akaniuliza, 'Yule aliyeanguka?' Nikasema ndiye. Akanipa mkasi mmoja. Alikuwa na mitatu, lakini akanipa mmoja."

Leo kikapu kimeshuka na mikasi kumi na mitatu. Cheche anaipanga juu ya gunia kwa ukubwa, anapanda kwenye kiti, anaupa mguu mwendo wake wa haraka. Mkewe anakaa kwenye jiwe la ukuta na kupumzisha miguu, vumbi la mwinuko bado liko kwenye viatu vyake. Anahesabu kwa vidole vibanda alivyokwisha kuingia.

"Upande huu nimeumaliza," anasema. "Kesho naanza ng'ambo ya barabara."